Salamu Iliyomwangukia Mwenyekiti

Geti la jengo lile halikuwa na haraka na mtu. Ukifika, unasimama juu ya nyayo mbili zilizochorwa kwa rangi nyeupe, unainua uso kuelekea kamera, unangoja. Kamera inakutazama, nawe unaitazama. Unahamisha mfuko wa viazi kutoka mkono huu kwenda ule. Unakumbuka mambo ya utotoni. Halafu, ukiwa umekwisha kata tamaa na unajiandaa kupiga kelele, spika inakohoa, sauti ya mwanamume mpole inasema, "Karibu, Mama Mapacha," na geti linafunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sauti ile ilikuwa ya Injinia wa ghorofa ya pili, na geti tunaweza kusema lilikuwa lake pia, kwa kuwa ndiye aliyelitia akili. Wapangaji walipochoka kupoteza funguo, Mwenyekiti wao aliitisha mkutano. Injinia, ambaye kazini kwake alikuwa akiandika programu za kuchambua picha za video, akajitolea kwa moyo mmoja. Angefunga kamera, angeifundisha mashine nyuso za watu wote wa jengo, na kila mtu angefunguliwa kwa uso wake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Mke wa Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Litafungua kimya kimya?" aliuliza. "Mtu anaingia kwake asisalimiwe? Hilo ni geti au ni mkwe aliyenuna?"

Hoja ikapita bila kupingwa. Ikabidi Injinia arekodi salamu ya kila mpangaji, mmoja mmoja, na tangu hapo jengo zima likamjua kwa sauti kuliko kwa sura.

Kasoro ilikuwa huo uzito wa geti, na sababu yake aliijua fika, ila aliona haya kuisema. Kompyuta iliyoliendesha, iliyokaa stoo chini ya ngazi pamoja na mifagio, ilikuwa na prosesa nane, yaani bongo nane za kufikiria. Lakini programu aliiandika kwa pupa, na kazi yote akamtwika prosesa mmoja. Huyo huyo apokee video, aikate picha moja moja, aisafishe kila picha, atafute uso, aulinganishe na nyuso zote za jengo, atafute salamu, afungue geti. Wenzake saba wamekunja nne.

"Hiyo nyumba naijua," alisema Shangazi yake alipoelezwa. "Mmoja yuko jikoni, saba wanauliza chakula kimeiva?"

Shangazi ndiye aliyemlea, na sasa waliishi pamoja. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza lililotazama geti moja kwa moja. Hakuna aliyeingia wala kutoka ambaye hakumpima kwa macho, kifua na kiuno, na kujua ameongezeka au amepungua.

Injinia angeweza kuliacha geti liendelee na usingizi wake, maana watu walikwisha zoea kulilaani. Aliyemnyima raha ni mtu mmoja tu, naye ni Daktari wa meno wa ghorofa ya tatu. Daktari huyu hakuwa na mume wala hakuonyesha papara ya kumtafuta. Alikuwa na ugonjwa wa kazi: alizoea kumuuliza mtu swali wakati ambao mtu hawezi kujibu, halafu akajijibu mwenyewe. Injinia alimpenda tangu siku alipomng'oa gego, jambo ambalo Shangazi alisema si la mtu mwenye akili timamu. Alimpenda, na hakuwahi kumwambia neno. Wakikutana kwenye ngazi, ulimi wake uligeuka jiwe.

Siku moja jioni, mvua ilipokuwa ikinyesha kama imetumwa, Daktari alisimama juu ya nyayo zile nyeupe hadi viatu vikajaa maji. Nywele zilimganda usoni, na geti likamkana kabisa. Lilikuja kumfungua mvua ilipokatika. Akapanda ngazi akichuruzika, akagonga mlango wa Injinia.

"Nimepata nyumba karibu na kliniki," alisema. "Geti lake ni la bati. Unalisukuma kwa goti, unaingia. Jumamosi nawapa jibu."

Hapo ndipo pa kusema, Usihame. Neno dogo tu. Alifungua mdomo.

"Nitaliharakisha," alisema.

Daktari akamtazama, maji yakimdondoka kidevuni. "Hayo tu?"

"Na... pole na mvua."

Daktari akaitikia pole, akaenda zake. Shangazi akatoka nyuma ya pazia ameshika kiuno.

"Mtu amekuja kukuaga," alisema, "wewe unamwahidi prosesa!"

Kwa hiyo Injinia aliomba ruhusa kazini, akajifungia stoo na mifagio. Sema utakalo juu ya ulimi wake, mikono yake ilikuwa ya moto. Kwanza aliizuia mashine isitazame picha ambazo hakuna kitu kilichobadilika, maana ilikuwa ikikodolea macho barabara tupu kutwa nzima kwa bidii ile ile. Pili aliigawa kazi. Geti lifunguke mara tu prosesa yeyote anapoona kwamba uso ni wa mwenyeji. Huyo ni nani hasa, na asalimiwe vipi, hilo lifuate. Picha ziwekwe kwenye rundo, na kila prosesa aliyemaliza achukue nyingine bila kumngoja mwenzake. Tena, ili wasigombanie mlango mmoja kutafuta nyuso na salamu, kila mmoja akapewa nakala yake mwenyewe, aisome programu inapowashwa na kukaa nayo kichwani. Ilikuwa kazi safi. Jumanne mchana akaiwasha, akapanda barazani kwa Shangazi kungoja watu warudi kazini.

Lo! Geti lilikuwa jipya. Mtu hakupata hata nafasi ya kusimama. Alipokanyaga nyayo tu, kumekwisha kuwa wazi. Fundi Bomba, mtu wa miraba minne aliyeishi chumba cha chini na kuzibua mifereji ya mtaa mzima, alirudi nyuma akaingia mara ya pili kwa raha zake.

Ilikuwapo dosari ndogo, nayo mwanzoni ilichekesha. Aliyemaliza kwanza alisema kwanza. Wenye nyuso za wazi, kama Mwenyekiti aliye na upara na mashavu yanayong'aa, walitambuliwa kabla hawajavuta pumzi. Wenye kofia, miwani na mitandio walichukua muda, na salamu yao ilipotoka walikuwa wamekwisha pita, ikamwangukia aliye nyuma. Mzee mmoja mwenye ndevu aliitwa Mama Mapacha. Mama Mapacha mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Injinia naye alicheka, akasema kesho atalirekebisha.

Ndipo akaja Daktari, amevaa miwani, barakoa ya kliniki ikining'inia sikio moja. Geti likamfungukia papo hapo. Daktari akainua macho barazani, akatabasamu, akaingia. Injinia alivimba kichwa. Nyuma ya Daktari wakafuata Mwenyekiti na mkewe, wameshikana mikono. Mwenyekiti akakanyaga nyayo nyeupe. Spika ikakohoa.

"Karibu nyumbani, kipenzi changu," ilisema, kwa sauti laini ambayo jengo lile halikuwahi kuisikia. "Pole na kazi."

Mwenyekiti alibaki mguu mmoja hewani. Mkewe aliuachia mkono wake.

Barazani, Injinia aliyatambua maneno yale. Alikumbuka Jumapili moja mchana, Shangazi ametoka, alipokuwa akijaribu maikrofoni mpya. Alitaka kusema moja, mbili, tatu, na kilichomtoka kikawa hicho. Alikisikiliza mara kadhaa. Akashindwa kukifuta, akakiweka kwenye kompyuta pamoja na picha ya Daktari, mahali ambapo alidhani hakitamdhuru mtu. Programu ya zamani ilikuwa imewashwa kitambo na salamu zake ilikwisha zisoma, kwa hiyo haikujali. Programu mpya ilipoamka, kila mmoja wa wale wanane alisoma salamu upya, akachukua iliyowekwa mwisho.

"Hiyo ilikuwa ya nani?" Shangazi aliuliza polepole, sindano mdomoni.

"Majaribio," alisema Injinia, akashuka ngazi mbio.

Alifika stoo, akaifuta ile salamu, akahakikisha imefutika, akarudi nyumbani akala vizuri. Na hapa ndipo ufundi wake ulipomponza. Alisahau kwamba nakala nane zimekaa vichwani mwa wale wanane, ambao aliwaandika kwa mkono wake wasirudi kuuliza kitu mpaka wazimwe na kuwashwa tena. Yeye alifuta karatasi, wao walikwisha kariri.

Jumatano jioni geti lilimwita Fundi Bomba kipenzi.

Fundi Bomba alikuwa ametapakaa tope hadi magotini. Alisimama akaipa spika heshima yake, akavua kofia. "Asante sana," alisema. "Miaka yote hii ya kuzibua vyoo, hakuna aliyewahi kunipa pole hivyo." Kisha akafuta miguu, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

Jengo likachemka. Kila mtu alijua geti lina salamu ya kila uso, na kwamba salamu siku hizi zinapotea njia. Kwa hiyo ndani ya jengo yupo mtu ambaye ni kipenzi cha Injinia, na hajulikani. Wanaume walianza kuwapokea wake zao getini. Mke wa Mwenyekiti alihama kabisa sebuleni kwake, akaweka kiti uani.

Jioni hiyohiyo Daktari alimkuta Injinia kwenye ngazi.

"Hebu niambie," alisema, "imekuwaje geti likamwita Fundi Bomba kipenzi? Au ndivyo mlivyo?"

Ungemuuliza Injinia hali ya moyo wake, angekufa papo hapo. Lakini hili lilikuwa swali la kazi. Macho yakamwaka. Akamweleza habari za rundo la picha, na wanane wanaochota bila kungojana, na jinsi ambavyo uso rahisi unamaliza mapema na uso mgumu unachelewa. Alichora kwa kidole ukutani. Alisahau hata kuona haya.

"Na uso mgumu ni upi?" aliuliza Daktari.

"Wenye miwani, kwa mfano. Au barakoa. Huyo salamu yake lazima ichelewe."

Daktari alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa koti. "Kwa hiyo salamu ya mtu anaisikia aliye nyuma yake."

"Hasa!" alisema Injinia, akifurahi kwamba ameeleweka. "Umeshika vizuri sana."

"Nashukuru," alisema Daktari, akapanda zake juu taratibu. Injinia aliingia ndani akipiga mluzi, akamsimulia Shangazi neno kwa neno. Shangazi alijipiga paji la uso kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani yake.

Alhamisi asubuhi, kabla Injinia hajapata nafasi ya kuizima na kuiwasha kompyuta, Mwenyekiti aling'oa waya wa spika na kutia kufuli kwenye mlango wa stoo. Hakuna kugusa ushahidi, alisema, mpaka mkutano wa Jumamosi. Geti likawa bubu. Na Injinia hakulala vizuri, maana Jumamosi ndiyo siku ya jibu la Daktari, naye alijua kwamba mkutano ukiamua geti lake ling'olewe, litarudi lile la zamani, lenye kufuli ambalo Mwenyekiti alilifunga giza likiingia tu. Hakuna daktari anayechelewa kliniki ambaye angekaa hapo.

Jumamosi watu walijaa uani. Mke wa Mwenyekiti hakungoja mumewe afungue kikao.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, akaanza kuyatoa mengi. Alisema haya mambo yana mwenyewe. Alisema yupo mama humu ambaye mumewe kazi yake ni kusafiri, na ambaye Jumanne alikuwa hapa getini akicheka hadi anakaa chini, na kicheko kile yeye alikitilia shaka tangu kinaanza.

Mama Mapacha alisimama, mtoto mmoja kiunoni na mwingine mgongoni. "Unanisema mimi?"

"Nimetaja jina?"

"Nitahama! Leo hii nitahama, na mume wangu akirudi utamweleza wewe!" Sauti ilimkatika, akaanza kulia, na mapacha wakamsaidia.

Moyo wa Injinia ulimuuma, maana kosa lilikuwa lake na machozi yalikuwa ya mwingine. Lakini alipopewa nafasi ya kusema, alikimbilia pale alipopazoea. Alisema apewe ufunguo wa stoo, atengeneze sasa hivi mbele ya watu wote, halafu kila mtu apite getini na geti lenyewe liseme.

Alifungiwa humo na mifagio, watu wakipiga soga nje. Rekebisho halikuwa kubwa. Kila picha aliipa namba, kama wagonjwa wanavyopewa namba kliniki. Prosesa walibaki huru kumaliza kwa mwendo wao, lakini jibu la namba ya pili halikuruhusiwa kutoka kabla ya la kwanza. Na ili aliye mbele asipite kabla ya kusalimiwa, kazi ya uso mgumu aliipasua vipande, wanane waushambulie pamoja. Akazima, akawasha. Wale wanane wakasahau walichokariri, wakasoma upya, na kipenzi hakikuwamo tena. Akarudisha waya wa spika.

Watu walitoka nje wote, wakapanga foleni, wakaingia. Karibu, Mwenyekiti. Karibu, Mama Mwenyekiti, upumzike. Karibu, Fundi Bomba. Kila mtu alipata salamu yake akiwa bado juu ya nyayo nyeupe, aliye na kofia na asiye nayo. Ilipendeza kutazama. Wa mwisho kabisa alikuwa Daktari, na miwani yake.

"Karibu, Daktari," ilisema spika. "Kazi njema."

Watu walitazamana.

"Amekifuta!" alisema mke wa Mwenyekiti. "Geti limepona, na kipenzi kimetoweka. Basi aseme mwenyewe. Alikuwa anamwita nani?"

Injinia alisimama katikati ya duara. Alitazama mapacha, na mama yao aliyekuwa akijifuta kamasi kwa kanga. Akapiga moyo konde.

"Mama Mapacha hahusiki," alisema. "Hajui lolote, na nyote mmwombe radhi, mimi wa kwanza. Salamu niliirekodi mimi, nikiwa peke yangu, na mwenyewe hakuambiwa. Nilikuwa... nilikuwa namkusudia..."

Hapo likaja lile jiwe. Mdomo uko wazi, sauti haitoki. Alitazama chini, akatazama stoo, akaanza, "Unajua, prosesa anapokuwa..."

"Injinia," alisema Daktari.

Alikuwa bado amesimama kwenye kizingiti cha geti, begi begani.

"Jumanne aliyekuwa mbele ya Mwenyekiti ni mimi," alisema, na hakuwa na haraka. "Jumatano aliyekuwa mbele ya Fundi Bomba ni mimi. Na jinsi salamu zinavyokwenda nyuma umenieleza wewe mwenyewe kwenye ngazi, kwa kirefu, na kuchora ukutani umenichorea. Ile nyumba ya kliniki nimeikataa tangu Alhamisi. Nilikuwa nangoja tu nione utachukua muda gani."

Mtu mmoja aliangua kicheko, akazibwa mdomo. Mke wa Mwenyekiti alikaa kitini kama gunia lililotuliwa. Injinia alikuwa bado hajafunga mdomo.

"Kwa hiyo?" aliuliza Daktari. Na safari hii, kinyume na tabia yake, hakujijibu. Alingoja.

Injinia alipapasa mifuko kana kwamba neno alilisahau humo. Watu wakaanza kunong'ona, na mke wa Mwenyekiti akainua mkono kuwanyamazisha.

"Mwacheni," alisema, kwa upole ambao haukuzoeleka. "Bado anatafuta uso."

"Nakupenda," alisema Injinia.

Ilitoka kidogo, imekwaruza, haikufanana hata kidogo na ile sauti ya getini.

"Hatujasikia huku juu!" alifoka Shangazi kutoka barazani.

Akairudia, kwa sauti ya mtu anayeita watu kuzima moto. Daktari alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na nyuma yake hapakuwa na mtu, kwa hiyo wa kuipokea alikuwa yeye tu.